Kiti cha Mkalimani

Beechmont, Louisville
Agosti 2016, mchana

Neema mwanangu,

Mama yako na wanawake wa kanisa wamejaa jikoni wanakukaangia sambusa za safari kana kwamba Buffalo hakuna chakula, na mimi wamenifukuza. Nimekuja kukaa ndani ya gari hapa nje, daftari nimeliweka juu ya usukani. Unaniona kutoka dirishani na labda unadhani ninasikiliza redio. Kesho asubuhi unapanda basi la Columbus, utalala kwa baba yako mdogo Bahati kule Clintonville, kisha keshokutwa basi la Buffalo, kwa mama mdogo Mapendo. Mambo ya koti la baridi, tiketi na namba za simu mama yako ameshakuambia mara kumi. Mimi sina maagizo. Nina hasira, nimekaa nayo miaka mitatu, na sitaki uondoke hapa ukiwa umeibeba wewe.

Najua kwa nini ulinuna siku tulipokuambia utakaa kwa Mapendo. Ulijibu kwa Kiingereza kwamba ungependa bweni la chuo, ukafunga mlango. Mama yako alisema ni utoto wa Marekani. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua. Najua pia kwa nini kwenye fomu ya chuo uliandika uhasibu, wewe ambaye kule kambini ulikuwa unawafunga vitambaa watoto wa majirani hata wasio na kidonda, ukisema wewe ni nesi na wao wakae foleni. Hakuna mtu aliyekuuliza unesi umekwenda wapi. Mimi nilikuwa na jibu na sikulitoa.

Ubaya ulianzia kwangu, kwa hiyo nianze na mimi.

Unakumbuka nilipokuwa rais wa jumuiya. Sisi Wakongo tukifika watu watano mahali tunaunda kamati: rais, makamu, katibu, mweka hazina na washauri wawili. Hatujapata sufuria, tayari tuna muhuri. Walinichagua kwa sababu nilikuwa mwalimu kule Uvira, na kwa sababu miaka kumi na mmoja ya kambi kule Tanzania ilikuwa imeninyoosha Kiswahili, nikawa naweza kusimama mbele za watu. Nilinunua tai mbili. Kule Jeffersontown kwenye bohari nilikuwa mtu wa kupanga maboksi usiku kucha, hata msimamizi wangu alikuwa hajui jina langu. Lakini Jumanne moja kila mwezi niliitwa Bwana Rais. Unaweza kunicheka. Bahati amenicheka mpaka amechoka.

Jumanne hiyo ilikuwa siku ya baraza la kliniki. Ile kliniki yetu, sitaandika jina lake, ilikuwa na baraza la kusikiliza jamii, na walikutana saa nne asubuhi. Hebu fikiri. Saa nne ya Jumanne, mama yako yuko kiwandani. Mapendo, wakati huo akiishi bado hapa Louisville, yuko hotelini anatandika vitanda vya watu. Yule bibi wa nyumba ya kona hana gari na basi hapandi peke yake. Nani angefika? Mimi tu, niliyetoka zamu ya usiku, macho mekundu, nimefunga tai. Kulikuwa na piza na karatasi ya kusaini, na mwisho mtu alikuja kupiga picha. Chini ya picha wakaandika kwamba jamii imeshiriki. Jamii ilikuwa mimi, na nusu ya mkutano nilikuwa nasinzia.

Sasa nikueleze kosa, maana ulikuwa mtoto na hukuwepo. Siku moja walisema kwamba yule mama Mrundi aliyekuwa mkalimani wa Kiswahili, aliyekuja Jumanne na Alhamisi, wanafikiria kumpunguza. Wagonjwa wangetumia simu, au wangekuja na mtu wao wa nyumbani. Wakaniuliza, jamii inaonaje? Waliniuliza kweli, siwezi kuwasingizia.

Kambini tulikuwa tumejifunza namna ya kuwajibu watu wenye fomu. Unawajibu vizuri. Unatabasamu, unasema asante, maji yanatosha, dawa zinatosha. Ilisemekana kwamba mtu akilalamika, faili lake linawekwa chini ya mengine na ndege ya Amerika haioni. Sijui kama ilikuwa kweli, ila tuliishi hivyo miaka yote ile, na niliposhuka uwanja wa ndege wa Louisville nilishuka na tabia hiyo. Basi nikasimama, nikarekebisha tai.

"Bon, batoto yetu banajua Kingereza muzuri," nilisema, Kiswahili cha Uvira kikanirudia. "Donc hakuna probleme. Tunawashukuru sana."

Aliyegeuza maneno hayo kuwa Kiingereza alikuwa yule mama Mrundi mwenyewe. Aliyasema yote, hakupunguza hata moja, huku akiangalia meza. Mwezi uliofuata hakuwepo. Mimi nilipewa cheti cha ushirikiano, nikakitundika sebuleni, ukakiona kila siku ukienda shule.

Sikuishia hapo. Nilikwenda Columbus kwenye mkutano wa marais wa jumuiya zetu, nikajisifu kuhusu kliniki. Jioni nyumbani kwa Bahati, mke wake aliniuliza, akiwa anapakua ugali, wanawake wa Louisville wanasema nini kuhusu jambo hilo. Nikamjibu kwamba wanawake wetu hawana shida. Aliniwekea kipande kidogo cha samaki, na mimi nikadhani samaki amekwisha.

Ndipo ikaja siku ile. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mapendo alikuwa na presha, kichwa kinamuuma wiki nzima, na mume wake alikuwa kazini. Nikakutoa shuleni, wewe mtoto wangu mwenye Kiingereza kizuri, nikawapeleka. Na mimi nikaingia chumbani kwa daktari. Sikuwa na kazi mle ndani. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nimekunja mikono kama rais, nikasikia raha kuona mtoto wangu anaongea na daktari bila kukwama.

Daktari alikuuliza mambo mengi na uliyatafsiri. Halafu akauliza kitu, hukukitafsiri, ukajibu mwenyewe kwa neno moja. Nililiona hilo, Neema. Sikulijali, nikadhani ni swali dogo la fomu. Akaandika dawa, tukaondoka. Nilikununulia soda njiani.

Mapendo alikuwa na mimba ya miezi mitatu na alikuwa hajamwambia mtu, maana kwetu mwanamke hatangazi mimba changa. Mimba ilipofikisha miezi mitano ikatoka. Kule hospitali walileta mkalimani, na mkalimani akasema dawa ile ya presha haipewi mwanamke mwenye mimba. Kama ndiyo iliyosababisha, hawakusema ndiyo na hawakusema hapana. Mume wake alikaa kwenye ngazi za hospitali, na aligoma kuingia ndani ya gari langu.

Siku mbili baadaye nilitoka kazini asubuhi nikakukuta umesimama kando ya gari, na mkoba wa shule mgongoni. Ulisema kwa Kiswahili, wewe ambaye kila kitu ulikuwa unakijibu kwa Kiingereza.

"Papa, docteur aliuliza kama mama mdogo iko na mimba. Mi sikumuuliza. Nilisema no."

Ningeweza kusema nini? Yapo maneno mengi ambayo baba angeyasema. Ningekuambia kwamba kwetu mtoto hamwulizi mama yake mdogo kama ameziona siku zake. Ningekuambia kwamba hata mtu mzima asingeuliza jambo hilo mbele ya shemeji yake, na shemeji huyo nilikuwa mimi, nimekaa pale na mikono yangu. Ningekuambia kwamba ulifanya vile tulivyokulea. Badala yake nilikushika bega, nikaangalia kama kuna jirani anasikia.

"Nyamaza," nilikuambia. "Usiambie mutu. Hata mama yako usimwambie."

Ukanyamaza. Miaka mitatu umenyamaza, na umenyamaza vizuri kiasi kwamba watu wanasema una adabu. Ulidhani nakulinda. Leo nakuambia wazi: sikuwa nakulinda wewe. Nilikuwa namlinda rais. Kama habari ingetoka, mtu angeuliza kwanza mtoto wa miaka kumi na minne alifanya nini katika kiti cha mkalimani, halafu angeuliza mkalimani alikwenda wapi, na hapo ingefika kwangu. Nikaona heri iishie kwako. Nimeandika sentensi hiyo, na siifuti.

Nina hasira na wao pia, usidhani nimekwisha kuwasamehe. Daktari ni mtu aliyesoma miaka mingi. Alimwona mtoto mwenye mkoba wa shule, akamwuliza habari za tumbo la mwanamke mzima, akaridhika na jibu la neno moja. Hakupima hata mkojo. Angekuwa mke wa mkubwa wa mji angepimwa. Na pale mapokezi, ukutani, palikuwa na karatasi ya lugha nyingi, na ndani yake mstari wa Kiswahili: una haki ya kupata mkalimani bila malipo. Nimekaa chini ya karatasi ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mimi mwalimu. Niliiona baada ya mimba kutoka, siku nilipokwenda kuchukua dawa zangu na sikuwa na hamu ya kumwangalia mtu usoni.

Yaliyofuata ulikuwa unayasikia nusu nusu, kwa sababu ulikuwa unajifungia chumbani. Mama Salma, yule Mtanzania wa Tanga anayetunza wazee, alikuja hapa nyumbani na kanga yake begani, akiwa na Mapendo na wanawake wengine watano, wa kanisa na wa msikiti. Walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba hapa Beechmont, jioni na siku za mapumziko, na daftari la shule. Waliuliza swali moja tu: ulipokwenda kwa daktari, nani aliongea kwa niaba yako? Daftari lilikuwa limejaa. Watoto waliokosa mitihani kwa sababu ya miadi ya mama zao. Mzee aliyekubali kupasuliwa bila kujua anapasuliwa nini. Mwanamke aliyepigwa na mumewe, na mkalimani wake alikuwa mume huyo huyo. Nyumba zote hizo ni za watu wangu, watu niliosema hawana shida, na sikuwahi kugonga hata mlango mmoja.

Unajua nilifanya nini? Niliwaambia wapunguze kelele. Nikasema tutaonekana hatuna shukrani, kliniki itatuchoka, mambo haya yapitie kwenye kamati. Mama Salma alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hatukuja kuomba ruhusa," alisema. "Tumekuja kukuarifu, usije ukasikia barabarani."

Walikwenda. Kwanza walidai mkutano uwe Jumamosi, na siku hiyo chumba kilijaa mpaka watu wakasimama kwenye korido. Mimi nilikuwa nimewekwa mbele, pamoja na wakubwa wa kliniki, maana hata wao walidhani niko upande wao. Mama mmoja wa ofisi, sauti laini, akasema kwamba wao walifuata tu maoni ya jamii, akatoa kumbukumbu za mkutano na kuonyesha sahihi. Ilikuwa yangu. Wanawake wote waliiangalia, kisha wakaniangalia mimi. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Halafu Mapendo akasimama, Mama Salma akatafsiri.

"Ni miaka mbili nakuya hapa," alisema. "Hakuna mutu alishaniuliza mimi mwenyewe kitu. Banauliza batu bengine juu yangu."

Akakaa. Hakulitaja jina lako, wala mimba hakuitaja. Nilidhani hajui uliulizwa nini na ulijibu nini. Nilishukuru Mungu kwamba hajui, na shukrani ile nayo inaniaibisha leo.

Walishinda, si yote lakini walishinda. Mkalimani akarudi, siku tatu kwa wiki. Mtoto chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi tena kuongea kwa niaba ya mgonjwa. Mlango unafunguliwa Jumamosi asubuhi kwa watu wa zamu. Wanawake wawili wameingia kwenye baraza la kliniki, na kabla ya kila mkutano wanapita kwanza kwenye nyumba na daftari. Wanapima presha katika ukumbi wa kanisa baada ya ibada, na Ijumaa wanapima kwa Waislamu. Mimi nilijiuzulu. Watu walisema nimejiuzulu kwa heshima, nikawaacha waseme. Kumbe ni woga uleule, umevaa suti nyingine.

Neema, wewe una Kiingereza, utakuwa na digrii, utafaa sana kwenye picha. Siku moja huko Buffalo watakuita mezani, watakuuliza watu wenu wanaonaje. Nakuomba kitu kimoja na sitakuongezea kingine: waambie hujui, utakwenda kuwauliza. Mimi nilikuwa na mdomo wa kutosha hotuba nzima, maneno hayo machache yakanishinda. Na uhasibu, soma ukiupenda. Usiusome kwa sababu yangu.

Sasa nikueleze la mwisho, ndilo lililonileta kwenye gari hili.

Jumapili nilimpigia Mapendo. Sikuweza kukutuma kuishi katika nyumba yake, unakula mezani kwake, unaamka kila siku ukiwa na neno lile kooni. Nilimwambia yote. Nilimwambia daktari aliuliza nini na wewe ulijibu nini, na kwamba siku mbili baada ya mimba kutoka ulikuja kwangu nikakufunga mdomo. Nilimwambia kama kuna mtu wa kumlaumu, aliyekuweka pale ni mimi, na aliyemfukuza mkalimani ni mimi.

"Shemeji, mi nilikuwa najua," alisema. "Ile siku niliona mutoto ananiangalia, kisha anaangalia chini, anasema no. Ile neno hata mimi nilikuwa nalijua. Nilijua ni kitu yangu banamuuliza, na yeye iko na haya. Ningemuambia, uliza tu. Lakini wewe ulikuwa mu chumba, na mi pia nilikuwa na haya."

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii hakusema. Akasema aliyepaswa kuja kwake kujieleza si mtoto, ni mimi. Alikuwa anangojea nimpigie. Hata alipohama kwenda Buffalo, alisema, kila nilipompigia kumsalimia na kuuliza baridi ya huko, alikuwa anafikiri labda ni leo.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanisa na watu wananipita wananipa mkono. Ndipo akaniambia jambo ambalo mwanamke wa kwetu hamwambii shemeji yake, na hajamwambia hata dada yake, mama yako. Ana mimba tena. Ni changa. Akanituma nikuambie wewe, wa kwanza.

Jumatano ya wiki ijayo ana miadi kwa daktari. Kliniki ya huko Buffalo imempangia mkalimani, mwanamke mtu mzima, ameshakutana naye. Anataka umsindikize. Nilimwambia labda utaogopa, labda ni mapema mno kukuingiza tena katika chumba cha namna ile. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Akuye tu. Hatatafsiri kitu. Aikale pembeni yangu, anishike mukono. Nataka asikie vile bananiuliza mimi, na mimi najijibu."

Baba yako